Tatizo moja, sheria mbili: namna ya kuandaa ziara ya kubadilishana ya wanafunzi wa sheria wa nchi jirani

Ziara nyingi za wanafunzi wa sheria huharibika siku ile ratiba inapoandikwa kabla ya swali. Kamati hupanga basi, malazi na hotuba ya mkuu wa kitivo, halafu siku chache kabla ya safari mtu anauliza watajadili nini. Hapo huokotwa mada pana kama "haki za binadamu" au "utawala wa sheria", na wageni hukaa wiki nzima wakisikiliza mihadhara ambayo wangeweza kuisoma wakiwa kwao.

Njia tunayoieleza hapa huanza na swali: tatizo moja la kisheria, litatuliwe kwa sheria za nchi zote mbili, na mengine yote yapangwe kulizunguka. Vipimo tulivyotoa ni vya ziara ya siku sita, wanafunzi kumi na wawili kila upande, ikifuatiwa na ziara ya kurudisha.

Ujirani una mtego wake. Anayekwenda nchi ya mbali hujua kwamba hajui. Jirani husoma neno lile lile katika sheria ya mwenzake, pengine kwa lugha ile ile, akadhani maana nayo ni ile ile. Hatua nyingi zinazofuata zimewekwa ili kuutegua mtego huo mapema.

Hatua ya 1. Miezi tisa kabla: kalenda, watu na karatasi

Wekeni kalenda za masomo za vyuo viwili kando kando. Tafuteni wiki mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudisha, zisizogusa mitihani ya upande wowote wala siku kumi na nne zinazoitangulia. Angalieni pia likizo za mahakama, la sivyo wageni watafika wakute vyumba vya mahakama vitupu. Mihula ya vyuo vilivyotenganishwa na mto tu inaweza kupishana kwa miezi miwili. Ikiwa ndivyo, ziara mbili hazitaingia katika mwaka mmoja wa masomo, na inabidi mlijue hilo kabla ya kuahidi.

Kila upande uteue mhadhiri mlezi mmoja na mwanafunzi mratibu mmoja. Chama cha wanafunzi peke yake hakitoshi: viongozi wake hubadilika kila mwaka, na ziara ya kurudisha humwangukia mtu ambaye hakuahidi kitu. Mhadhiri peke yake hatoshi vilevile, kwani hawezi kuwafuata wanafunzi mmoja mmoja kuona kama wamesoma.

Makubaliano yasizidi kurasa mbili: tarehe, idadi ya watu, nani analipa nini, nani anawajibika mgeni akiugua, lugha ya kazi, na tarehe ya mwisho ya kujitoa bila deni. Msiingize utafiti wa pamoja, machapisho wala kubadilishana wahadhiri. Vipengele hivyo hupeleka hati kwa wanasheria wa chuo, ambako inaweza kukaa hadi wiki ya safari ipite. Ulizeni mapema nani ana mamlaka ya kusaini. Katika vyuo vingi mkuu wa kitivo anaweza kusaini barua ya mwaliko lakini si hati inayokifunga chuo kifedha.

Kuhusu fedha, mgawanyo ulio rahisi kusimamia ni huu: mgeni hulipia safari, viza na bima, mwenyeji hulipia malazi, chakula na usafiri wa ndani. Kwa kuwa ziara inarudishwa, deni hujifuta lenyewe, mradi idadi ya watu na ya siku iwe sawa. Upande mmoja ukija na watu kumi na wanne badala ya kumi na wawili, hesabu imeharibika na manung'uniko yameanza. Andikeni idadi kwa tarakimu na kwa maneno. Sehemu ya kumi ya bajeti ibaki kando kwa dharura, na isiguswe kununulia zawadi.

Hatua ya 2. Miezi saba kabla: kuchagua tatizo

Hapa ndipo muda wenu mwingi uende. Tatizo zuri hutokea katika nchi zote mbili. Sheria hizo mbili hulijibu tofauti, au hufikia jibu moja kwa njia tofauti. Na nyenzo zake husomeka ndani ya saa kumi.

Chukua mauzo ya mashine. Jumatatu muuzaji na mnunuzi wanakubaliana juu ya mashine fulani na bei yake, ichukuliwe Ijumaa. Jumatano muuzaji anafilisika. Mashine ni ya nani? Kifungu cha 1583 cha sheria ya madai ya Ufaransa husema umiliki huhama mara wahusika wanapokubaliana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijakabidhiwa wala bei kulipwa. Ng'ambo ya mpaka, kifungu cha 929 cha sheria ya madai ya Ujerumani hutaka kitu kikabidhiwe na wahusika wakubaliane kwamba umiliki unahama. Mfaransa huanza na mnunuzi aliye mmiliki tayari. Mjerumani huanza na mnunuzi anayepanga foleni pamoja na wadai wengine. Ukweli wa kesi haukubadilika hata kidogo, na kila mwanafunzi hulazimika kueleza kwa nini sheria yake imechagua hivyo.

Afrika Mashariki ina mfano wenye uzito zaidi: adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kanuni za adhabu zinazofanana sana hata kwa maneno. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, ilisema ulazima wa adhabu hiyo unakiuka katiba. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifikia hapo mwaka 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu. Tanzania, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuikubali adhabu ya kifo chini ya katiba mwaka 1995, katika kesi ya Mbushuu. Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilisema katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya kuishi. Hapo wanafunzi wana kanuni moja iliyorithiwa, katiba tatu, na swali moja: katika katiba hizo ni nini kilichozipeleka mahakama njia tofauti?

Mfano huo una fundisho lingine. Anayesoma hukumu ya Muruatetu ya 2017 peke yake ataamini kwamba inagusa makosa yote yenye adhabu ya kifo ya lazima. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba inahusu mauaji tu. Jirani akisoma sheria ya mwenzake hukosea zaidi hapo: huipata hukumu mashuhuri, asiipate iliyofuata.

Mkitaka sheria ya kimataifa, tumieni ugomvi wa majirani wengine. Ufaransa na Hispania zilisuluhishwa mwaka 1957 kuhusu maji ya Ziwa Lanoux. Argentina na Uruguay zilipata hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2010 kuhusu viwanda vya karatasi kwenye mto Uruguay. Mahakama iliona Uruguay imekiuka wajibu wa kutoa taarifa na kushauriana, lakini haikuona ukiukaji wa wajibu wa kulinda mto wenyewe. Botswana na Namibia zilibishania kisiwa cha Kasikili, ambacho Botswana hukiita Sedudu, na mwaka 1999 mahakama hiyo ikakipa Botswana. Msichague mgogoro ulio hai baina ya nchi zenu wenyewe. Mwanafunzi atakayetakiwa kutetea upande wa jirani atajikuta akipimwa uzalendo badala ya hoja, na picha moja ya simu ikisambaa inaweza kumletea madhara ambayo kitivo hakiwezi kuyazuia.

Epukeni pia eneo la sheria ambalo muswada wake uko bungeni. Ukipita wiki moja kabla ya safari, kazi yote mliyoifanya inakuwa historia.

Hatua ya 3. Kuandika tatizo

Kurasa mbili, ukweli mtupu, bila neno la kisheria hata moja. Msiandike "aliiba", andikeni "aliichukua bila kumwambia". Msiandike "walifunga mkataba"; andikeni nani alisema nini, lini, na mwenzake alijibu nini. Maneno ya kisheria huficha jibu la nchi moja ndani ya swali. Ukiandika "mkataba", umemnyima mwanafunzi wa mfumo wa Kiingereza nafasi ya kuuliza kama kila upande ulitoa kitu chenye thamani, wakati kwa jirani wa mfumo wa Kifaransa au wa Kijerumani swali hilo halipo.

Wekeni makusudi mambo yenye maana kwa sheria moja na yasiyo na maana kwa nyingine: bei imelipwa au la, kitu kimekabidhiwa au la, kulikuwa na maandishi au la. Acheni nchi bila jina na fedha bila sarafu.

Walezi wawili walisome kila mmoja peke yake na kuzungushia duara kila neno analoona linaelemea sheria ya upande mmoja. Kisha lijaribiwe na wanafunzi wawili kila upande ambao hawasafiri. Upande mmoja ukimaliza kwa dakika ishirini na mwingine ukahitaji saa mbili, tatizo limeegemea. Liandikeni upya.

Hatua ya 4. Kuchagua wanafunzi

Kumi na wawili, na wawili wa akiba. Wawe wamemaliza angalau mwaka wa kwanza na wamefaulu somo ambalo tatizo linaligusa. Msiwapange kwa alama za mtihani peke yake. Mpeni kila mwombaji kifungu kimoja cha sheria ya jirani na ukurasa mmoja wa kukieleza. Anayeandika tu "sheria yetu ni bora" bila sababu bado hajawa tayari. Wa akiba wasome kila kitu na wahudhurie kila kikao, kwa sababu mtu hukosa pasipoti wiki ya mwisho mara nyingi kuliko mnavyotarajia.

Hatua ya 5. Kabrasha la kusoma

Kurasa arobaini kwa kila nchi, zisizidi. Likifika kurasa mia mbili, halisomwi. Ndani yake muwe na ukurasa mmoja wa ngazi za mahakama, na rufaa zinakwenda wapi. Vifungu vyenyewe vya katiba na sheria, si muhtasari wake. Hukumu moja iliyofupishwa na mlezi, idadi ya kurasa zilizoachwa ikionyeshwa. Kurasa mbili za namna ya kusoma hukumu ya nchi hiyo. Na orodha ya maneno kumi na matano yanayodanganya, yaani yanayofanana pande zote huku maana zikitofautiana.

Zile kurasa mbili msizidharau. Mahakama ya juu ya madai na jinai ya Ufaransa hutoa hukumu fupi kwa jina la mahakama nzima, na maoni ya jaji anayepinga hayachapishwi. Katika nchi za mfumo wa Kiingereza hukumu inaweza kufika kurasa mia, kila jaji akiandika yake, na mwanafunzi lazima ajue kutenga sababu iliyoamua kesi na maneno yaliyosemwa njiani. Asiyeambiwa hili hunukuu jaji wa upande ulioshindwa kana kwamba ndiye aliyeamua.

Semeni vilevile jinsi jibu linavyojengwa. Mjerumani hufundishwa kuuliza kila sharti kwa zamu na kufikia jibu mwisho. Mfaransa hupanga hoja katika sehemu mbili, kila moja yenye mbili ndani yake. Aliyefunzwa kwa njia ya Kiingereza hutaja suala, kanuni, matumizi yake, kisha hitimisho. Kikundi kisipolijua hilo kitatumia siku mbili kugombania mpangilio kikidhani kinagombania sheria.

Hukumu zichukuliwe kwenye hifadhi za bure za mtandaoni kama Kenya Law, TanzLII (Tanzania), ULII (Uganda) au Légifrance (Ufaransa), na kila moja iandikiwe tarehe mliyoikagua mara ya mwisho.

Hatua ya 6. Vikao vitatu vya mtandaoni

Wiki ya sita, ya nne na ya pili kabla ya safari, dakika tisini kila kimoja. Gawanyeni watu ishirini na wanne katika vikundi vinne, kila kimoja kikiwa na watatu kutoka kila upande. Kanuni ni moja: kila upande ueleze sheria ya jirani, na jirani arekebishe. Mtu akieleza sheria yake mwenyewe, wenzake huitikia kwa kichwa tu. Akieleza ya mwenzake, makosa hutoka hadharani, na hayo ndiyo mnayoyatafuta. Mratibu ayaandike yote, maana yatakuwa ajenda ya siku ya pili ya ziara.

Hatua ya 7. Karatasi za safari

Kusanyeni nakala za pasipoti miezi minne kabla. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita, hivyo inayomalizika mwezi wa tatu baada ya ziara huenda isikubalike. Ulizeni ubalozi kwa maandishi kama ziara ya masomo ya siku sita ni ya mgeni wa kawaida au inahitaji kibali cha mwanafunzi, na jibu lisafiri na kiongozi wa msafara. Makosa ya mpakani hutokea pale mmoja anaposema "natembea", mwingine "nasoma" na wa tatu "mkutano". Kila mtu awe na barua ya mwaliko yenye maneno yale yale, na asome kilichoandikwa kabla ya kufika dirishani.

Msidhani kwamba pasipoti ya nchi jirani huwa na masharti sawa kwa wote. Mwanafunzi wenu mwenye uraia wa nchi ya tatu anaweza kuhitaji viza, na pia viza ya kurudi kwenye chuo chake.

Barua ya kuomba kutembelea mahakama ipelekwe kwa msajili miezi miwili kabla, ikitaja idadi, tarehe na aina ya shauri mnalotaka kusikiliza.

Hatua ya 8. Siku sita

Siku ya kwanza ni ya kufika, kutambuana na kulala. Msiweke mhadhara.

Siku ya pili vikundi hutatua tatizo kwa sheria ya mwenyeji, wageni wakiongoza. Asubuhi nzima iende kwenye makosa yaliyoandikwa mtandaoni. Mchana kila kikundi kiandike kurasa mbili za jibu. Siku ya tatu ni mahakamani. Kaeni katika shauri moja tangu mwanzo hadi litakapoahirishwa, badala ya kupita vyumba vitano. Simu zizimwe, hakuna picha, na hakuna kunong'ona tafsiri. Mwenye kuhitaji tafsiri aandikiwe. Jioni kila mgeni ataje jambo moja la utaratibu ambalo kwao lisingewezekana, na mwenyeji aeleze kifungu kinacholiruhusu. Mkitembelea kituo cha msaada wa kisheria, wageni wasikilize tu: wasitoe ushauri kwa mteja, wala wasibebe jina lake kwenye madaftari yao.

Siku ya nne ni ya sheria ya wageni, sasa wenyeji wakiongoza. Yaweza kuonekana kama marudio, lakini siku hii huzaa zaidi, kwa sababu vikundi vimeshajua maswali ya kuuliza.

Siku ya tano ni mahakama ya mfano. Kila timu iwe na wasemaji wawili, dakika kumi na mbili kila mmoja, na dakika tatu za kujibu. Kila msemaji ajenge hoja kwa sheria ya jirani yake. Jopo liwe la watu watatu, angalau mmoja kutoka kila nchi, na wapewe kurasa mbili za mwongozo siku tatu kabla. Bila hizo, jaji atauliza utaratibu wa mahakama anazozijua yeye na kumkwamisha mwanafunzi isivyo haki. Gawanyeni alama mia hivi: arobaini za sheria, thelathini za kujibu maswali, ishirini za mpangilio, kumi za adabu ya mahakamani. Msitangaze nchi iliyoshinda. Timu zimechanganywa, basi ishinde timu.

Siku ya sita vikundi huanza ripoti. Mnaweza kuona ni heri kuitumia kwa matembezi, lakini ripoti isiyoanzwa watu wakiwa chumba kimoja kwa kawaida haimaliziki.

Hatua ya 9. Baada ya kurudi

Kila kikundi kitoe ripoti moja ya maneno elfu tatu ndani ya siku ishirini na moja, ikiandikwa na pande zote mbili. Sehemu ya sheria ya nchi A iandikwe na wa nchi B, kisha ikaguliwe na mlezi wa nchi A.

Wanafunzi watauliza kama ziara inahesabiwa katika masomo. Anzeni kwa kuhesabu saa: kusoma kumi, vikao vya mtandaoni nne na nusu, siku tano za kazi kwa saa saba ni thelathini na tano, ripoti kumi. Jumla inakaribia sitini. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, ambako mwaka mzima wa masomo una krediti 60 na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, hizo ni krediti mbili. Kwingine hesabu ni tofauti, lakini ombi lenye mchanganuo wa saa hujibiwa haraka kuliko linaloomba "kutambuliwa". Liwasilisheni kabla ya safari. Cheti kiseme saa na kazi iliyofanyika, na kisitumie maneno yanayoweza kusomeka kama sifa ya kufanya uwakili katika nchi ya jirani.

Mratibu wa mwaka huu amwachie atakayempokea folda moja: makubaliano yaliyosainiwa, tatizo pamoja na matoleo yake yaliyokataliwa, makabrasha mawili yenye tarehe za ukaguzi, orodha ya makosa ya vikao vya mtandaoni, barua ya msajili wa mahakama, na hesabu halisi ya matumizi kando ya bajeti. Makabrasha yakaguliwe upya kabla ya ziara ya kurudisha, hukumu moja baada ya nyingine.